Mtunzi Kama Msomaji: Rafu ya Vitabu na Malezi ya Mwandishi wa Riwaya ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kila kozi ya utunzi inapoanza, swali moja halikosi kuulizwa na wanafunzi: nisome nini ili nami niweze kuandika hadithi? Majibu wanayopewa aghalabu ni mawili. Wapo wanaoshikilia kwamba utunzi ni kipaji, na kwamba aliyenyimwa kipaji hicho hawezi kukipata vitabuni. Wapo pia wanaoamini kwamba utunzi una kunga zake, na kwamba anayezikariri kunga hizo moja baada ya nyingine hatimaye ataandika. Jibu la kwanza linalifanya darasa la utunzi kuwa kazi bure. La pili linaifanya riwaya kuwa mfano wa mapishi, ambayo mtu huyafuata kwa vipimo bila ya kuuliza nani atakula.

Makala haya yanadai kwamba historia ya riwaya ya Kiswahili inatoa jibu la tatu. Waandishi wetu wakuu walilelewa na usomaji, lakini usomaji uliowakuza haukuwa wa kuiga. Kila mmoja alilichukua umbo la masimulizi alilolikuta rafuni, akaliuliza swali la kwao ambalo umbo hilo halikuundwa kulijibu. Pale swali lilipokuwepo, mkopo ulizaa kazi mpya. Pale lilipokosekana, ulizaa nakala.

Kwa neno ‘rafu’ tunamaanisha jumla ya maandishi ambayo mwandishi wa kipindi fulani aliweza kuyafikia katika lugha alizozimudu, pamoja na asasi zilizoamua yapi yachapishwe na yapi yaachwe. Ushahidi tunaoutegemea ni wa matini zenyewe. Tutaiweka kazi kando ya ile iliyoitangulia, tuangalie ni kipi kilichobaki, ni kipi kilichobadilika, na badiliko hilo linatenda kazi gani. Tutawachunguza watunzi watatu: Shaaban Robert, Muhammed Said Abdulla na Euphrase Kezilahabi. Kisha tutaigeukia hali ya Kenya tangu kuanzishwa kwa mfumo wa 8-4-4, ambapo swali la wanafunzi wetu lina uzito wa pekee.

2.0 Jinsi rafu ilivyojengwa

Rafu ya nathari ya Kiswahili katika hati za Kirumi ilianza na mtu mmoja mwenye mikono miwili. Mwaka 1867, huko Zanzibar, mmishenari Edward Steere alichapisha Hadithi za Kiingereza, yaani baadhi ya visa vya tamthilia za Shakespeare kama vilivyosimuliwa upya na Charles na Mary Lamb. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1870, alichapisha London mkusanyo wa ngano alizozipokea kutoka kwa wasimulizi wa Unguja. Mkono mmoja ulileta masimulizi ya mbali na wa pili ukayahifadhi ya nyumbani. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwa sababu katika miongo iliyofuata mkono wa kwanza ulipata nguvu kuliko wa pili.

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa pia mfasiri hodari. Mwaka 1929 zilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, na katika mwaka huo huo Alfu Lela Ulela, kazi aliyoifanya pamoja na Edwin Brenn. Safari za Gulliver zilifuata mwaka 1932. Mwaka 1935 zikatoka Hekaya za Abunuwasi. Vitabu hivi viliingia shuleni, na kwa vizazi kadhaa vya wasomaji hivyo ndivyo vilivyokuwa maana ya hadithi ndefu iliyoandikwa.

Tuzipime faida na hasara za rafu hii bila ya chuki wala heshima ya kupindukia. Faida yake kuu ni kwamba ilithibitisha kuwa nathari ya Kiswahili inaweza kubeba kisa kirefu chenye sura nyingi, mazungumzo, maelezo ya mahali na taharuki inayodumu kwa mamia ya kurasa. Kabla ya hapo utanzu mrefu ulioandikwa ulikuwa utenzi. Hasara yake ni ya aina mbili. Kwanza, tafsiri hizi zilikusudiwa wanafunzi, kwa hiyo msisitizo uliangukia tukio, nayo saikolojia ya mhusika ikapewa nafasi finyu. Pili, katika masimulizi ya aina ya Haggard, Mwafrika ni mbeba mizigo, kiongozi wa njia, au mfalme anayesaidiwa na wageni kukirudia kiti chake. Msomaji wa Tanga au Mombasa aliyejitafuta katika kurasa hizo alijikuta akitembea nyuma ya msafara.

Yalikuwepo pia mambo yaliyoachwa nje ya rafu. Tenzi zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu katika nyumba za Lamu, Pate na Mombasa hazikuhesabiwa kuwa shule ya mtunzi wa nathari. Ngano zilionekana kuwa mali ya watoto na ya watafiti. Hata hivyo, mlango haukufungwa wote. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya kuwa waandishi. Naye James Juma Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa ya 1934, aliandika historia ya mateka waliokombolewa na kuishi Freretown, Mombasa, kwa kuyategemea masimulizi ya wazee wao. Kama kitabu hicho ni riwaya au ni historia ni mjadala ambao haujaisha. Kwa hoja yetu, inatosha kuona kwamba mapema kabisa mwandishi mmoja wa Kenya alijifunza kwa kusikiliza mambo ambayo rafu haikuwa nayo.

3.0 Shaaban Robert na hadithi inayookoa maisha

Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa karani wa serikali ya kikoloni ambaye hakupitia chuo kikuu chochote. Usomaji ndio uliokuwa chuo chake. Kazi zake mbili zinaonyesha njia mbili za kusoma.

Ya kwanza ni Adili na Nduguze (1952). Anayeijua hadithi ya Abdullah bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela anaitambua mara moja. Katika hadithi ile mjumbe anatumwa Basra kukusanya kodi, anamkuta mtawala akiwapiga mbwa wawili kila usiku kisha akiwabembeleza, na siri inapofichuka mbwa hao wanakuwa ni ndugu zake waliomtendea uovu. Shaaban Robert ameyaweka yote hayo: mjumbe, kodi, mapigo ya usiku na siri. Mbwa wamekuwa manyani, Basra imekuwa Janibu, khalifa amekuwa Mfalme Rai, nao ndugu wameitwa Hasidi na Mwivu. Badiliko kubwa liko katika majina. Mtunzi ameyageuza masimulizi ya ajabu kuwa maadili yanayotembea kwa miguu. Ni kazi ya kupendeza, na lugha yake ni ya fundi. Lakini swali inaloliuliza, yaani wema hulipwa vipi na uovu husamehewaje, ni swali ambalo hadithi ya asili ilikwisha kuliuliza. Tunaweza kuiita zoezi la bingwa.

Ya pili ni Kusadikika, iliyochapishwa mwaka mmoja kabla, 1951. Hapa mkopo ni mgumu kuonekana kwa sababu umekwenda ndani zaidi. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na kosa hilo laweza kumgharimu maisha. Utetezi wake ni kusimulia. Anaieleza baraza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, nao waliporudi na mafunzo ya kuifaa nchi wakatupwa gerezani. Umbo hili la hadithi ndani ya hadithi, ambalo kwalo msimulizi ananunua uhai wake kwa masimulizi, ni la Alfu Lela Ulela. Nchi za ajabu na msafiri anayerudi na habari zake zinatukumbusha Gulliver.

Hebu tutazame sasa kilichobadilika. Shahrazadi anasimulia ili mfalme asahau kuua. Akimaliza hadithi bila ya kuanza nyingine, amekufa. Karama anasimulia ili baraza likumbuke ilichokitenda. Kila hadithi yake ni ushahidi katika kesi, na nguvu yake haitokani na taharuki bali na mrundiko: dhuluma ya kwanza yaweza kuwa bahati mbaya, ya sita ni utaratibu wa utawala. Vivyo hivyo Gulliver ni mgeni anayezitazama nchi za watu, hali wajumbe wa Kusadikika ni raia waliotumwa na nchi yao wenyewe. Adhabu yao haitoki ugenini. Inawangoja nyumbani.

Swali lililoyageuza maumbo haya ni la mwandishi aliyekuwa akifanya kazi chini ya serikali ya kikoloni: mtu asiye na haki ya kusema mbele ya watawala atapata wapi pa kusemea? Jibu la riwaya ni kwamba mahakama, ikiwa itasikiliza, yaweza kugeuzwa kuwa darasa. Wala Swift wala wasimulizi wa Baghdad hawakuhitaji kuliuliza swali hilo kwa namna hiyo. Ndiyo maana Kusadikika inasomwa kama kazi iliyojisimamia, hata na wasiojua iliazima nini.

4.0 Muhammed Said Abdulla: kiko cha Uingereza katika mzimu wa Unguja

Mwaka 1948 lilianzishwa shirika la East African Literature Bureau, lenye makao yake Nairobi. Mbali na kuchapisha, shirika hilo lilisambaza vitabu kwa maktaba, kwa masanduku yaliyopelekwa mashambani na kwa posta, na likaandaa mashindano ya uandishi. Shindano la 1957–1958 lilishindwa na Mzanzibari Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mwanahabari aliyewahi kuwa mkaguzi katika idara ya afya. Mswada wake ulitoka kitabuni mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale.

Deni la kitabu hiki kwa Arthur Conan Doyle haliwezi kufichwa, wala mwandishi hakujaribu kulificha. Bwana Msa anavuta kiko kama Sherlock Holmes. Ana sahibu, Najum, anayeuliza maswali ambayo msomaji angependa kuyauliza. Anaona kilichoonwa na wote lakini ambacho hakuna aliyekitazama, kisha mwishoni anakieleza kwa hatua za kimantiki. Wapo wahakiki walioridhika kuishia hapo na kuiita kazi hii uigaji.

Lakini katika London ya Holmes, maiti inapopatikana, hakuna anayetilia shaka kwamba muuaji ni binadamu. Swali ni binadamu yupi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti inapatikana mahali panapoogopwa, na jamii tayari ina jibu: mzimu umeua. Kabla ya kumtafuta mkosaji, Bwana Msa hana budi kwanza kuifanya hoja ya kumtafuta iwezekane. Upelelezi unapewa kazi ambayo Doyle hakuupa kwa kiwango hicho: kuivua hofu inayowakinga wenye hatia. Tunaona kwamba imani ya mzimu ina manufaa kwa mtu fulani, na mtu huyo si mzimu. Kisima cha Giningi (1968) kinaendeleza mtindo huo huo kuanzia jina lake, kwani Giningi katika masimulizi ya visiwani ni makao ya wachawi. Mwandishi aliyewahi kukagua usafi wa majumba alijua tofauti ya ugonjwa na maelezo ya ugonjwa.

Mfano huu unatuonyesha pia upande wa pili wa dai letu. Bwana Msa aliendelea kutumika hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Kadiri miaka ilivyokwenda, fumbo lilizidi kuwa tata na swali likazidi kufifia. Kilichobaki ni ufundi wa kuficha na kufichua. Wakati huo huo umbo la upelelezi lilikuwa limeenea. Faraji Katalambulla alilipeleka mjini katika Simu ya Kifo (1965), na katika miaka ya 1970 na 1980 likazaa mkondo mpana wa riwaya pendwa. Baadhi yake ni nzuri. Nyingi zilisoma Bwana Msa kama yeye alivyomsoma Holmes, lakini zikachukua kiko na kuuacha mzimu.

5.0 Kezilahabi: kwenda maktaba na kurudi

Kwa Euphrase Kezilahabi (1944–2020) rafu ilikuwa imebadilika. Mzaliwa huyu wa Namagondo, Ukerewe, alipitia seminari kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akapata shahada ya uzamifu huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Alisoma kwa Kiingereza yale ambayo hakuna aliyeyafasiri kwa Kiswahili. Alimsoma pia mtangulizi wake kwa makini ya kitaaluma: tasnifu yake ya uzamili ya 1976 ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Ni nadra mwanafunzi kumchunguza mwalimu wake kwa kina hicho na wakati huo huo kuandika kinyume naye.

Kichwamaji (1974) ndiyo kazi inayotajwa zaidi mjadala wa athari za kigeni unapozuka. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anatafakari maana ya kuishi, anaikosa, na mwishowe anajiua. Uhusiano wa tafakuri hiyo na udhanaishi wa Albert Camus na Jean-Paul Sartre ni dhahiri, na baadhi ya wahakiki walimlaumu mwandishi kwa kuleta ukataji tamaa ambao jamii changa ya Ujamaa haikuuhitaji. Lawama hiyo ina ukweli kidogo: zipo kurasa ambamo mhusika ananyamaza na maktaba ikasema. Hata hivyo, upweke wa Kazimoto una historia ambayo haiko Paris. Shule ndiyo iliyomtoa kijijini na kumpa lugha ambayo baba yake hawezi kuijibu. Anaporudi, swali si tu kama maisha yana maana, bali msomi huyu ni wa nani. Falsafa iliyoazimwa imepewa kiini kipya, nacho ni gharama ya elimu yenyewe. Kwa maneno mengine, riwaya iliyotokana na usomaji inahukumu kile ambacho usomaji umemtenda msomaji.

Hatua yake ya mwisho ndiyo inayotufundisha zaidi. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), Kezilahabi aliuacha uhalisia aliokwisha kuumudu. Ploti imevunjika, mahali hapana jina, na msafiri anapita katika ulimwengu wa visasili, vitendawili na wazee wenye hekima. Wanafalsafa wa Ulaya wamo, lakini sasa ni sehemu ya mandhari ambayo msafiri anaipita. Mwandishi aliyesoma sana kuliko wenzake alifika mwisho wa rafu na kukuta ngano. Mkono wa pili wa Steere, uliodharauliwa kwa muda mrefu, ulipata haki yake kwa njia ya mtu aliyekuwa ameumaliza mkono wa kwanza.

6.0 Rafu ya mtihani

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza Kenya mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Athari yake kwa uchapishaji ilikuwa kubwa. Riwaya iliyoteuliwa ilihakikishiwa wasomaji wengi kuliko waliowahi kuotwa na Shaaban Robert. Tangu hapo waandishi wetu wamepata vitabu vya kuwaongoza pia. Kunga za Nathari ya Kiswahili ya Said Ahmed Mohamed (1995) ina thamani ya pekee, kwani aliyeiandika ni mtunzi wa Utengano (1980), na anazijua kunga hizo kutokana na kuzitumia.

Lakini pamoja na riwaya teule ulikuja mwongozo wake: muhtasari wa kila sura, orodha ya maudhui, orodha ya wahusika na sifa zao. Mwongozo si dhambi. Hatari yake ni kwamba unaweza kusomwa mahali pa riwaya, na anayesoma muhtasari tu hujifunza kwamba riwaya ni muhtasari uliorefushwa. Tumesoma miswada ya wanafunzi ambamo mhusika anaingia akiwa na sifa zake tayari, kana kwamba zimenakiliwa kutoka kwenye orodha: ni mwenye bidii, ni mnafiki, ni mlezi mwema. Hafanyi lolote linalotushangaza kwa sababu aliumbwa kwa ajili ya kujibia swali. Rafu ya wakoloni iliwapa wasomaji visa bila ya maswali yao. Rafu ya mtihani inawapa majibu bila ya visa.

Ipo mifano inayotutia moyo. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimtuma Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, katika safari ya kwenda ulimwengu mwingine, ambao jina lake likifumuliwa linasema ‘wale ni sisi’. Msafara wa Gulliver uliopita Kusadikika umefika hapo, ukiwa na swali la Mkenya aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa sababu za kisiasa mwaka 1986: nchi iliyojikomboa inakuwaje jela ya raia wake? Naye K. W. Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) aliichukua safari ya kifumbo ya Nagona akaizungusha duniani, ili aulize nani anayeendesha utandawazi na nani anayeendeshwa. Watunzi wote wawili walikuwa walimu wa chuo kikuu. Kusoma sana hakukuwazuia kuandika.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba rafu huathiri, lakini haiamui. Kitabu kile kile cha Alfu Lela Ulela kilimpa Shaaban Robert zoezi katika Adili na Nduguze na hoja katika Kusadikika. Holmes yule yule alimpa Muhammed Said Abdulla mwanzo mzuri, kisha, swali lilipochoka, akampa mazoea.

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo matatu katika ufundishaji wa utunzi. Kwanza, mwanafunzi aisome riwaya nzima kabla ya kuugusa mwongozo, na aulizwe si maudhui yake tu bali pia mahali ambapo mtunzi angeweza kuchukua njia nyingine. Pili, apewe hadithi ya mbali aisimulie upya kwa mazingira ya kwao, kisha aandike ni wapi hadithi hiyo ilikataa kuhama. Hapo inapokataa ndipo swali lake lilipo. Tatu, usikilizaji uhesabiwe kuwa usomaji. Mwanafunzi asiye na ngano moja aliyoichukua kutoka kinywani mwa mtu ana rafu iliyokatwa nusu, hata akiwa na maktaba nzima.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Riwaya ya Kiswahili imewapokea wageni wengi, na wengine wamemponya kweli mwenyeji. Lakini methali hiyo inachukulia kwamba mwenyeji anajua anaumwa nini. Mwanafunzi anayetuuliza asome nini anastahili kuulizwa hilo kwanza.